Chumvi na Gurudumu la Kushoto

"Chumvi imekula nini?"

Nilipoulizwa swali hilo nilikuwa na miaka ishirini na sita. Maneno nilikuwa nayo mengi, lakini jibu sikuwa nalo. Siku yenyewe naikumbuka vizuri mno: Jumatano asubuhi, jua limeshaanza kuchoma bati la karakana, mpira wa maji unavuja sakafuni, na Mzee Elia amechuchumaa chini ya ubawa wa ndege, bisibisi mkononi, ananisubiri.

Mwanangu, ulipofika juzi na begi lako la chuo ukaniamkia shikamoo, nilichelewa kuitikia kwa sababu nilidhani kuna mtu mzima nyuma yangu. Bado najihesabu kijana. Lakini wote niliofanya nao kazi wakati ule wameshaondoka hapa, mmoja wao kwa njia nitakayokueleza, kwa hiyo wa kukupa nasaha nimebaki mimi. Sitakuambia uwasikilize wakubwa na unyamaze. Nasaha hiyo utaipata kwa yeyote, na mimi mwenyewe sikuwahi kuiamini.

Ndege yetu ya wakati ule ilikuwa kama hii unayoiosha sasa. Chini yake ina maboya mawili marefu, mfano wa mitumbwi iliyofunikwa, na katika maboya hayo kuna magurudumu manne: madogo mawili mbele, makubwa mawili nyuma. Inapaa uwanjani Tanga magurudumu yakiwa chini. Ikishapaa, rubani ananyanyua kishikio, pampu inasukuma mafuta, na mafuta yanayapandisha magurudumu mahali pake, kisha kila moja linashikwa na komeo la chuma. Hapo zinawaka taa nne za buluu. Akitaka kutua nchi kavu anayashusha, zinawaka za kijani. Sasa, rubani akisahau kuyashusha akatua uwanjani, atakwaruza matumbo ya maboya na ataona haya mwaka mzima. Lakini akitua majini hata gurudumu moja likiwa chini, maji yanalikamata na ndege inapinduka kichwa chini. Ndiyo sababu marubani wetu wana desturi ya kusema kwa sauti, hata wakiwa peke yao angani: "Natua majini, magurudumu juu."

Tulikuwa tunapeleka wageni Pangani, kwenye hoteli iliyokuwa karibu na mdomo wa mto. Siku nyingine ndege ilifungwa kwenye gati lao la kuelea, siku nyingine rubani aliipandisha kwa magurudumu yake kwenye mchanga ili wageni washuke bila kulowa viatu. Jioni ikirudi Tanga tuliiosha yote kwa maji ya bomba, tukaifuta, tukaipaka grisi kila palipo na chuma. Bila hivyo ingeliwa. Nani asiyejua habari ya chumvi katika pwani hii? Mabati ya nyumba yetu Ngamiani yalitoboka kwa chumvi. Minyororo ya baiskeli iliyoletwa kwa baba, ambaye ni fundi wa baiskeli, ilikufa kwa chumvi. Redio ikikoroma ni chumvi, kufuli likigoma ni chumvi, na karibu kila mara ilikuwa kweli.

Basi taa ya gurudumu la nyuma kushoto ikaanza kukataa. Gurudumu linapanda, rubani wetu, Kapteni Mhina, analiona kwa kioo kilichofungwa chini ya ubawa, liko juu kabisa, ila taa yake ya buluu haiwaki. Nikafungua mlango wa swichi, nikaisafisha, nikaandika kwenye daftari la ndege: "Swichi ya taa. Chumvi. Imesafishwa." Taa ikawaka siku tatu, ikakataa. Nikasafisha tena, nikaandika maneno yaleyale. Ikawaka siku mbili. Nikaandika mara ya tatu.

Ndipo ikafika Jumatano ile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, injinia. Ile ya kushoto jana imekataa tena."

"Ni chumvi tu."

"Chumvi imekula nini?"

"Swichi, mzee."

"Umeiona?"

"Nimeisafisha mara tatu."

"Sijakuuliza kusafisha. Nimekuuliza, umepaona palipoliwa?"

Mzee Elia hakuwa na cheti. Baba yake alitoka kusini kuja kukata mkonge, naye alizaliwa na kukulia Maramba, akajifunza kazi kwenye matrekta ya shamba, kisha kwenye mashine za kunyanyulia mizigo bandarini. Kila chombo kinachosukumwa kwa mafuta alikijua kwa kukishika. Alisali Kilutheri, akanywa chai ya tangawizi isiyo na sukari, na alikuwa na ulimi. Mimi niliitwa injinia na kila mtu pale, lakini akiniita yeye nilijua nachekwa.

"Mzee," nikamwambia, "nyumba nzima za Tanga zinaliwa na chumvi, wewe unataka nikuthibitishie swichi ya ukubwa wa kidole?"

"Nataka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe kila mtu unamuuliza. Meneja umemuuliza kwa nini tunavaa kofia ngumu ndani ya karakana isiyo na kitu juu. Mchungaji wangu alipokuja hapa kututembelea umemuuliza anajuaje. Mpaka baba yako, umenisimulia mwenyewe, ulimuuliza Idi ya mwezi wa nani. Ni chumvi peke yake hujaiuliza chochote."

Kapteni Mhina alikuwa anakunywa chai kwenye benchi la zana. Akacheka. "Mwacheni Mzee Elia. Kanisa lingeruhusu, angefunga ndoa na hilo gurudumu."

"Ningeliposa kwanza," Mzee Elia akajibu bila kugeuka, "nisingelichukua bila kulikagua kama wewe unavyolichukua."

Alichotaka kilikuwa kitu kimoja: ndege isiruke. Tuinyanyue kwa jeki, tuyapandishe magurudumu kwa pampu ya mkono polepole, halafu alale chini ya boya atazame komeo linavyofunga. Kazi hiyo sote tuliijua. Sakafu yetu ilikuwa mbovu, jeki zilitaka kutandikiwa mbao, watu wanne washike huku na huku. Ni nusu siku, ikienda vizuri. Na wageni walikuwa Pangani wanasubiri kuchukuliwa, na meneja ameshapiga simu mara mbili kuuliza kwa nini injini bado iko kimya.

Neno la kuruka au kutoruka lilikuwa langu. Leseni ilikuwa yangu. Nikasema iruke, jeki tutaweka Ijumaa.

Nataka unielewe hapa, mwanangu, maana nimekuwa nikijipekua tangu siku ile. Meneja hakunitisha, wala woga haukunishika. Nilisema iruke kwa sababu nilikuwa na uhakika. Mimi niliyejisifu kwamba sikubali kitu mpaka nikione, nilikuwa nimekubali kitu nilichokuwa nimekisikia tangu nanyonya.

Mzee Elia alisimama, akajipangusa magoti. "Basi andika wewe. Mkono wangu haumo."

"Nitaandika mimi."

"Na mimi nitakwenda nayo."

"Kufanya nini?"

"Nitakaa dirisha la nyuma kushoto, nilitazame. Kapteni ana kioo, kioo kinarushiwa maji. Mimi nina macho."

Kapteni akasema ndege inakwenda tupu, nafasi tele, aje tu, atapata na samaki wa kurudi nao nyumbani. Nilimwona Mzee Elia akipanda ngazi ya boya. Alikuwa amevaa sandali za mpira. Nikamtania kwamba marubani hawaruki na sandali. Akasema yeye si rubani, ni mkaguzi wa chumvi. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na aliyasema akiwa ananicheka.

Simu ilikuja kabla sijamaliza kukunja mpira wa maji.

Safari ya kwenda Pangani na gari la meneja siikumbuki. Nakumbuka kufika. Ndege ilikuwa majini, mbali kidogo na gati, imelala kichwa chini, na maboya yake yako juu yakielekea mbinguni. Upepo ulikuwa unaigeuza taratibu. Magurudumu matatu yalikuwa yamejificha mahali pake. La nyuma kushoto lilikuwa limesimama wima, limetoka lote, na lilikuwa bado linadondosha maji. Kapteni Mhina alikaa kwenye mchanga, mkono umevunjika, amefunikwa taulo la hoteli. Mzee Elia walikuwa wamemlaza kando, na wanawake waliokuwa wakisafisha samaki pale walikuwa wamemsitiri kwa kanga zao. Miguu ilibaki nje. Sandali moja haikuwepo.

Kapteni alinieleza bila kuulizwa. "Alinigonga bega. Akaniambia liko juu. Na mimi nikatazama kioo, kweli, liko juu. Nikasema maneno yangu, nikatua. Tuligusa maji mara ya kwanza vizuri, tukaruka kidogo kama kawaida. Mara ya pili ndiyo ikatushika." Akalivuta taulo. "Alikuwa amelegeza mkanda ili ageuke dirishani, injinia. Nilimwambia akaze. Akasema akikaza haoni."

Wakaguzi walikuja, wakaivuta ndege nchi kavu, wakafungua pale alipotaka Mzee Elia pafunguliwe. Walinionyesha. Swichi ilikuwa nzima, inang'aa. Chumvi haikuwa imekula kitu. Ndani ya komeo palikuwa na uchafu mweusi mgumu kama lami, na mkaguzi aliuchokoa kwa ncha ya bisibisi, akaupaka kwenye karatasi nyeupe, nikaona punje za mchanga. Ilikuwa grisi yetu. Tulikuwa tunaipaka kwa wingi kuikinga ndege na chumvi, na kila ilipopandishwa ufukweni grisi hiyo ilikusanya mchanga wa Pangani, ikajaa pale komeo linapotakiwa kuingia. Gurudumu lilikuwa linapanda vizuri, lakini komeo halishiki. Lilikuwa limebebwa na mafuta peke yake. Taa ilikataa kuwaka kwa sababu ilikuwa inasema kweli. Siku ambazo komeo liliingia kidogo tu, iliwaka, na mimi nikadhani nimeiponya. Kishindo cha kwanza cha maji kilitosha kuliangusha gurudumu, na cha pili kililikuta chini.

Kisha mkaguzi akafungua daftari, akanisomea mwandiko wangu mara tatu, kwa sauti ileile, bila kuongeza neno. Chumvi. Imesafishwa. Chumvi. Imesafishwa. Chumvi. Imesafishwa.

"Hapa ulikuwa umeona nini?" akaniuliza.

Meneja aliniita pembeni siku hiyohiyo. Alinisemesha kwa upole, kama mtu anayenitakia mema. Akasema Mzee Elia ndiye aliyekuwa fundi mkubwa kwa umri, na alipanda mwenyewe, na mkanda alilegeza mwenyewe, na aliyekufa hanyang'anywi leseni. Sitakudanganya, mwanangu. Nilikaa na maneno hayo siku mbili. Nilikuwa nayatazama kama mtu anayetazama chakula akiwa na njaa. Siku ya tatu nikaenda kwa wakaguzi, nikaeleza nani aliuliza na nani alijibu. Leseni ikachukuliwa kwa muda. Sikuona fahari yoyote. Nilikuwa nimechelewa siku mbili kusema kitu ambacho hakikuhitaji hata dakika moja.

Maramba nilikwenda kwenye mazishi na nikarudi tena baada ya arobaini, ingawa wao hawakuwa na arobaini kama sisi. Mara ya pili mkewe, Mama Tabitha, alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda.

"Wewe ndiye yule mwenye maswali?"

"Ndiye mimi, mama."

"Alikuwa akikusema sana. Akirudi Jumamosi, 'Leo mtoto kaniuliza hiki, nimekosa la kumjibu.' Anakwenda kulala anawaza. Mimi namwambia, umri wako huo unasumbuliwa na binti wa Ngamiani? Anasema, afadhali huyu kuliko wasiouliza." Akaendelea na mahindi. "Basi leo na mimi niulize. Kwa nini hamkuisimamisha?"

Nikamweleza yote, tangu taa ya kwanza mpaka siku zile mbili. Sikupunguza. Mahindi yalikuwa yanaanguka ungoni, tak, tak, na mikono yake haikusimama hata nilipofika pale kwenye sandali. Nilipomaliza alisema, "Nimesikia." Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Nilimsaidia kupukuchua mpaka gunzi la mwisho, nikaaga, akaniitikia salama.

Sasa nasaha yenyewe, mwanangu, ambayo nimeizungusha muda mrefu hivi kwa sababu ikisemwa peke yake ni nyepesi.

Akili yako ya kuuliza usiipige kufuli. Watakuambia una mdomo, waache. Lakini kuuliza wengine ni rahisi, hata mimi niliweza. Lile jibu ambalo hujawahi kuliuliza, kwa sababu umelikuta nyumbani na kila mtu anaitikia kwa kichwa ukilisema, hilo ndilo uligeukie kwanza. Jibu linalofaa kwa kila hitilafu halijakuonyesha hitilafu yoyote. Ukiandika kwenye daftari, andika ulichokiona kwa macho. Kama hujaona, andika kwamba hujaona, hata kama mkono utaona haya. Taa ikikataa kuwaka, anza kwa kudhani kwamba inasema kweli. Na ukishajua kwamba umekosa, sema siku ileile, maana kesho yake utakuwa na sababu nyingi nzuri za kutosema.

Wala usije ukamfanya Mzee Elia kuwa mtu asiyekosea ili hadithi ipendeze. Aliyetufundisha kupaka grisi kwa wingi namna ile alikuwa yeye. Alitushika mikono akatuonyesha. Aliuliza swali lililo sahihi, na hata yeye hakudhani kwamba jibu lake lilikuwa mikononi mwake mwenyewe. Nampenda zaidi kwa hilo, na linaniogopesha zaidi.

Mola akupe macho ya kuona kilichopo, akupe na ujasiri wa kukisema mbele ya wakubwa na mbele ya wageni wanaosubiri. Akuepushe na siku ya kusomewa mwandiko wako mwenyewe. Kila utakayemruhusu kuruka, akurudie salama, akuchoshe kwa utani.

Limebaki jambo moja, ambalo sikulijua siku ile, wala kwenye mazishi, wala mbele ya wakaguzi. Nililijua miaka mingi baadaye, nilipokwenda Mwanza kusaidia ndege ya aina ileile inayotua ziwani. Fundi wa kule, kijana tu, alisimama juu ya boya ndege ikiwa inaelea, akang'oa kwa kidole kizibo cha mpira kisichozidi mdomo wa kikombe, akamulika tochi, akasema komeo limeshika, akakirudisha. Alifanya hivyo kila ndege ilipofunga gati, wakati abiria wanashuka. Nikamuuliza kizibo hicho wamekiweka lini. Akanitazama kwa mshangao, akasema ndege imetoka nacho kiwandani. Kwetu kilikuwepo, kwenye kila boya, tumekipaka rangi juu ya rangi mpaka hakionekani. Mzee Elia na mimi tulikuwa tunagombania nusu siku ya jeki, na hakuna kati yetu aliyeuliza kama ni kweli inahitajika nusu siku. Ndege ile ilikuwa inaelea Pangani kila siku magurudumu yakiwa juu, na kulitazama komeo lile kulihitaji tochi na dakika mbili.